Kamera ya kuanzia na picha za nyumba za kuuza: nianze kurekebisha nini?

Mwanga_Sebuleni aliuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Nina kamera ya Canon EOS 2000D niliyoinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na lenzi inayokuja nayo ya milimita 18 hadi 55. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipiga picha za watu, hasa mahafali na sherehe za kifamilia, na kwa kazi hiyo kamera haijaniangusha. Mwezi uliopita dalali mmoja ninayefahamiana naye aliniomba nimpigie picha za nyumba ya vyumba vitatu aliyokuwa akiitafutia mnunuzi, nami nikakubali bila kusita, nikiamini kwamba kitu kisichosogea ni rahisi kupigwa picha kuliko mtu.

Matokeo yalinisikitisha sana. Sebule ambayo kwa macho ilikuwa pana ilitoka ikiwa imebanwa kama korido, kwa sababu hata nilipojibanza kwenye kona ya mbali kabisa sikuweza kuingiza zaidi ya kochi moja na nusu ya dirisha. Madirisha yenyewe yalikuwa meupe pe, na nilipopunguza mwangaza ili bustani ya nje ionekane, chumba chote kikawa giza. Kuta hazikusimama wima. Ule wa kushoto ulilalia upande mmoja na ule wa kulia ukalalia upande mwingine, kana kwamba nyumba inataka kuanguka kwa mbele. Ukuta mmoja mweupe ulikuwa na rangi ya chungwa karibu na balbu na rangi ya samawati karibu na dirisha. Nilipowasha flashi iliyojengwa ndani ya kamera, ikaacha kivuli cha lenzi sehemu ya chini ya picha na doa kali la mwanga kwenye mlango wa kioo wa kabati. Dalali alizipokea picha kwa heshima na kunishukuru, lakini tangazo lilipotoka nikaona ametumia alizopiga mwenyewe kwa simu.

Wapo wanaonishauri niiuze kamera hii na kutafuta yenye kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kikubwa cha milimita 36 kwa 24, kwamba ndiyo inayotumiwa na wanaoifanya kazi hii kwa dhati. Kwa sasa ninao uwezo wa kununua kifaa kimoja tu cha maana, na sitaki kukosea. Naomba kujua: tatizo ni kamera, ni lenzi, au ni mimi? Na kabla sijamwendea dalali mwingine, ni jambo gani nilipaswa kulijua siku ile ambalo sikulijua?

Fundi_Timazi alijibu:

Ndugu yangu, usiuze kamera. Hiyo uliyo nayo inarekodi picha ya nukta milioni 24, na picha ya tangazo la nyumba kwa kawaida huonekana kwenye skrini ikiwa na upana wa nukta elfu mbili au pungufu ya hapo. Picha ya 2000 kwa 1333 haifiki hata nukta milioni tatu, kwa hiyo utakuwa unatumia takriban sehemu moja ya tisa ya kile ambacho kamera inakupa. Sifa nyingine kubwa ya kamera za bei ya juu, yaani kupiga kwenye giza bila picha kujaa chenga, haina uzito mkubwa hapa, kwa sababu nyumba haikimbii: unaweza kuweka ISO 100, yaani usikivu mdogo kwa mwanga, na kuiacha shata, lile pazia linaloruhusu mwanga kuingia, wazi kwa sekunde nzima, ilmradi kamera imetulia.

Na hapo ndipo ninapopata mashaka, kwa kuwa katika maelezo yako yote sikuona ukitaja tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu. Kama huna, hicho ndicho kifaa cha kwanza, kabla ya lenzi na kabla ya flashi. Si lazima iwe ya kifahari, lakini iwe nzito kiasi cha kutotikiswa na hatua zako kwenye sakafu ya mbao, na kichwa chake kiweze kukazwa kisilegee. Nilipoanza nilikuwa na moja nyepesi ambayo kichwa chake kilishuka polepole baada ya kukikaza, na nyumba nzima ya kwanza niliyoipiga nayo ilinibidi niirudie, kwa kuwa picha tatu za kila chumba, nilizotaka kuziunganisha ziwe moja, hazikulingana zilipowekwa moja juu ya nyingine.

Sasa nirudi kwenye kuta zako zilizolala, kwani hilo ndilo kosa linalomtambulisha mgeni wa kazi hii haraka kuliko jingine lolote, na dawa yake haihitaji kununua chochote. Mistari ya wima hukutana juu au chini kwa sababu moja tu: kamera imeinamishwa au imeinuliwa. Kihisi kikisimama timazi, yaani kikiwa sambamba na ukuta, mistari ya wima hubaki wima hata ukiwa na lenzi pana kiasi gani. Mtu akiingia chumbani akiwa amesimama, kamera iko usawa wa macho, sentimita 160 hivi kutoka sakafuni, na kwa kuwa anaona dari nyingi na sakafu kidogo, anaiinamisha bila kujua. Badala ya kuinamisha, shusha tripodi. Mimi huanzia sentimita 120 hadi 130 kwa sebule na vyumba vya kulala. Jikoni napandisha kidogo, mpaka nione uso wa meza ya kupikia bila kuona upande wa chini wa makabati ya ukutani.

Washa skrini ya nyuma na gridi yake, kisha fanya hivi: tafuta fremu ya mlango au ukingo wa kabati, uusogeze mpaka ukaribiane na ukingo wa picha, halafu linganisha nafasi iliyobaki juu na iliyobaki chini. Ikiwa juu kuna nafasi ya kidole kimoja na chini hakuna kitu, kamera haijakaa timazi, na hapo unagusa kichwa cha tripodi kidogo sana, unaangalia tena, unagusa tena. Kwa chumba cha kwanza itakuchukua dakika tano. Baada ya nyumba kumi itakuwa nusu dakika. Kipimamaji kidogo kinachochomekwa juu ya kamera, mahali pa flashi, husaidia sana, ila mwisho uamuzi uwe wa macho yako na fremu ya mlango. Programu za kuhariri zinaweza kunyoosha mistari baadaye, lakini kila unaponyoosha unakata pembeni, na pembeni ndipo penye nafasi uliyokuwa ukiitafuta kwa shida.

Kuhusu chumba kubanwa, hapo lenzi ina hatia ya kweli. Milimita zikiwa chache, lenzi huona upana zaidi. Kihisi cha kamera yako ni kidogo mara 1.6, kwa hiyo milimita 18 zako zinaona kama milimita 29 kwenye kihisi kikubwa, takriban digrii 64 kwa upana. Ukisimama mita 3 kutoka ukutani, unaingiza ukuta wa mita 3.7 hivi. Lenzi ya milimita 10 kutoka mahali hapo hapo inaingiza karibu mita 6.7. Kwa Canon ipo EF-S 10-18mm iliyotoka mwaka 2014. Ni nyepesi, haina tundu kubwa la kupitishia mwanga, na kwa kazi hii hilo halina madhara kwa sababu utapiga kwa f/8, yaani tundu dogo, muda mwingi. Inapatikana ikiwa imetumika bila tabu. Hata hivyo nakuomba usiigeuze kuwa lenzi ya milimita 10 tu. Kwenye upana huo meza ya mviringo iliyo kwenye kona ya picha hugeuka yai, na jokofu lililo karibu na kamera hupata upana wa kabati la nguo. Mimi huishia milimita 12 hadi 14 mara nyingi, na milimita 10 nazitunzia bafu na choo.

Madirisha meupe hayatokani na udhaifu wa kamera yako. Nje kwenye jua mwanga unaweza kuuzidi ule wa ndani mara 256, ambazo kwa lugha ya kamera ni hatua nane, kila hatua ikiwa ni mara mbili ya iliyotangulia, na hakuna picha moja itakayoonyesha pande zote mbili jinsi jicho linavyoziona. Njia nyepesi zaidi ya kuanzia ni kupiga picha tatu kutoka mahali pamoja, moja ya kawaida, moja ikiwa chini hatua mbili na moja ikiwa juu hatua mbili, kisha kuziunganisha. Kamera yako inaweza kufanya hivyo yenyewe. Tafuta AEB (kupiga picha tatu zenye mwangaza tofauti) kwenye menyu, weka hali ya Av, ambayo wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi ya shata, ili tundu lisibadilike, chagua kipima muda cha sekunde 2, bonyeza mara moja na uondoe mkono. Kama ya kawaida ni robo sekunde, utapata nyingine ya 1/15 na nyingine ya sekunde 1. Wenye Nikon D3500 hawana huduma hiyo, kwa hiyo hubadilisha kasi ya shata kwa mkono kati ya picha na picha, na hapo ndipo tripodi legevu inapokuumbua.

Zima kitulizaji cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono, kamera ikiwa kwenye tripodi. Fokasi, yaani mahali picha inapokuwa kali, iweke kwenye kitu kilicho mita 2 hivi mbele yako, kisha uihamishie kwenye hali ya mkono isibadilike tena. Kwa milimita 18 na f/8, kuanzia mita moja mpaka ukuta wa mwisho vyote vitakuwa vikali, na kwa lenzi pana zaidi hali ni nzuri kuliko hiyo. Piga RAW, yaani faili ghafi ya kamera, badala ya JPEG, picha iliyokwisha kubanwa na kamera. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, RAW ya kamera yako ina ngazi 16,384, na tofauti hiyo utaiona siku utakapojaribu kurudisha mawingu au kufungua kivuli kilicho chini ya meza.

Nuru_na_Kivuli alijibu:

Naungana na Fundi_Timazi kuhusu tripodi na timazi, ila kuhusu kuunganisha picha tatu nina la kuongeza, kwa kuwa naona msomaji anaweza kudhani kwamba akishafanya hivyo madirisha na rangi vyote vitapona. Madirisha yatapona kwa kiasi. Rangi haitapona, tena huenda ikazidi kuharibika.

Sababu ni hii. Balbu za majumbani zenye mwanga wa joto huwa kati ya 2700 na 3000 kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, ilhali mwanga wa mchana uko karibu na 5500, na kivulini hupanda zaidi ya hapo. Macho yetu yanazisawazisha rangi hizi bila sisi kujua. Kamera haiwezi, kwa kuwa inaruhusiwa kuchagua nyeupe moja tu kwa picha nzima. Ukichagua nyeupe ya balbu, dirisha linakuwa samawati. Ukichagua ya dirisha, ukuta wa karibu na balbu unakuwa chungwa. Picha zako tatu zote zina mchanganyiko huo huo, na programu inapozifinya ziwe moja, inaukoleza. Hapo ndipo zinapotoka zile picha ambazo dari ina madoa ya kijivu na fremu za madirisha zimezungukwa na ukungu wa mwanga.

Hatua ya kwanza ni ya bure: zima taa zote. Piga kwa mwanga wa dirisha peke yake, fungua mapazia yote, fungua na milango ya ndani ili mwanga upite kutoka chumba hadi chumba. Wenye nyumba wengi huwasha kila taa kabla hujafika wakidhani wanakusaidia, na inabidi uwaeleze kwa upole. Chumba kitaonekana hafifu kwa macho, lakini shata ya sekunde moja au mbili itakijaza.

Hatua ya pili, ambayo mimi naiona ndiyo njia ya kazi nzuri, ni flashi moja ya nje. Simaanishi ile ya ndani ya kamera, ambayo hupiga moja kwa moja mbele na kufanya kila kitu kionekane kimebandikwa ukutani. Naizungumzia flashi ya kujitegemea unayoipangilia nguvu kwa mkono na kuielekeza kwenye dari au kwenye ukuta ulio nyuma yako, ili dari nzima igeuke kuwa taa. Unapiga picha moja ya mwanga wa asili bila flashi, na nyingine yenye flashi kwa shata ya haraka kama 1/160, ambapo mwanga wa balbu hauna muda wa kuingia. Picha ya flashi inakupa rangi za kweli. Picha ya mwanga wa asili inakupa vivuli laini vinavyokifanya chumba kiwe chumba. Unaziweka moja juu ya nyingine kwenye programu ya kuhariri kama GIMP au Photoshop na kuzichanganya kwa kiasi unachotaka. Usivuke 1/200 kwenye 2000D, kwa sababu juu ya hapo pazia la shata litaonekana kama ukanda mweusi.

Angalia rangi ya mahali unapoelekeza flashi. Niliwahi kuelekeza flashi kwenye pazia jekundu lililokuwa nyuma yangu bila kufikiri, na sebule nzima, dari, makochi na sakafu ya vigae vyeupe, ikatoka na wekundu wa ufizi. Nilikuwa nikiitazama skrini ndogo ya kamera kwenye mwanga mkali wa dirisha, sikuona kitu, mpaka nilipofika kwenye kompyuta.

Jambo jingine kwa yeyote anayefikiria kununua flashi: chungulia kwanza kiatu kilicho juu ya kamera yako. Baadhi ya kamera za kuanzia za Canon, mojawapo ikiwa EOS 250D ya mwaka 2019, zimeondolewa ile pini ya katikati, na flashi nyingi za kampuni nyingine pamoja na vifaa vyake vya kuamrishia haviwaki juu yake. Kama kiatu chako kina pini zote pamoja na ile kubwa ya katikati, uko salama.

Mwanga_Sebuleni aliandika:

Nawashukuru nyote wawili. Mmenifungua macho, hasa kuhusu timazi. Nimerudi kuzitazama zile picha, na kweli kila moja nilikuwa nimeinamisha kamera kuelekea meza ya katikati. Tripodi ninayo, nilikuwa naitumia kwa picha za familia, lakini siku ile niliiacha nyumbani nikidhani ni mzigo. Sasa nimebaki njia panda kati ya lenzi pana na flashi. Nikiwa na uwezo wa kimoja, nichague kipi?

Fundi_Timazi alijibu:

Lenzi. Nuru_na_Kivuli anasema kweli kuhusu flashi, na picha zake bila shaka ni safi kuliko zangu nyingi, lakini mwanga unaweza kuusubiri na upana huwezi. Chumba kinachopata jua kali saa nne asubuhi kinaweza kuwa na mwanga mtulivu saa tisa, na siku ya mawingu membamba tofauti kati ya nje na ndani hupungua kwa hatua kadhaa bila wewe kugusa chochote. Ukuta wa nyuma, kinyume chake, hausogei. Chukua lenzi, zima taa, uliza mapema nyumba inatazama upande gani, na upange saa kwa kufuata jua: upande wa mbele wa nyumba inayotazama mashariki upigwe asubuhi, inayotazama magharibi ipigwe alasiri. Flashi itafuata baada ya kazi chache, nawe utakuwa unajua hasa kwa nini unaihitaji.

Dada_Dalali alijibu:

Mdogo wangu, mimi siyo mpiga picha. Nimekuwa dalali wa nyumba kwa miaka kumi na moja, na ninakuandikia kutoka upande wa yule aliyezipokea picha zako kwa heshima kisha akatumia za simu, kwa sababu na mimi nimewahi kufanya hivyo na ningependa uelewe kwa nini.

Sikutumia za simu kwa kuwa zilikuwa nzuri. Nilizitumia kwa kuwa zilionyesha chumba kizima na zilikuwepo siku hiyo hiyo. Dalali anauza kwa muda. Nyumba ikikaa bila tangazo, mwenye nyumba anapiga simu kila siku, na dalali mwingine anaweza kuichukua. Mpiga picha anayeniletea picha 20 hadi 25 kesho yake asubuhi, zote za mlalo, zikiwa zimepangwa kwa mpangilio wa mtu anayetembea ndani ya nyumba, nje kwanza, kisha sebule, jiko, vyumba, bafu, na ua mwishoni, huyo nitamwita tena hata kama kuna anayemzidi ustadi. Aniletee pia picha moja ya mbele ya nyumba inayoweza kusimama peke yake, kwani hiyo ndiyo inayomfanya mtu afungue tangazo au alipite.

Nusu ya picha mbaya nilizowahi kulipia hazikuharibiwa na kamera. Ziliharibiwa na sifongo la kuoshea vyombo lililoachwa ukingoni mwa sinki, taulo lenye unyevu nyuma ya mlango, waya za chaji zilizotapakaa kando ya kitanda, na kifuniko cha choo kilichoachwa wazi. Zunguka nyumba nzima mikono mitupu kwanza, bila kamera, ukitazama tu. Toa kila kitu kilicho juu ya meza ya jikoni kisha urudishe kimoja au viwili. Nyoosha shuka mpaka pembeni, kwa sababu lenzi pana huikuza mikunjo iliyo karibu. Simamisha feni ya dari, la sivyo kwa shata ya sekunde moja itageuka ukungu. Ni vizuri zaidi ukimtumia mwenye nyumba maelezo mafupi siku mbili kabla, ili asikukute ukihamisha vyombo vyake.

Ondoa pia picha za familia, vyeti vya ukutani, dawa zilizo kando ya kitanda na funguo zilizoning'inia mlangoni. Tangazo linatazamwa na watu usiowajua, na mwenye nyumba bado analala humo.

Lakini lililonifanya niandike ni hili la lenzi pana. Nawasihi muwe waangalifu nalo. Nilimpeleka mnunuzi mmoja kwenye nyumba ambayo picha zake zilipigwa kwa upana wa kupindukia. Alisimama katikati ya chumba cha kulala, akatazama kitanda, akatazama kuta, akaniuliza kama hicho ndicho chumba chenyewe. Hakuuliza lingine. Nyumba ilikuwa nzuri na bei ilimfaa, ila kuanzia pale hakuamini tena neno langu hata moja, si kuhusu maji, si kuhusu hati. Chumba kidogo kionyeshwe kuwa ni kidogo na nadhifu, yupo anayekitafuta. Vivyo hivyo kwenye kuhariri: pipa la taka au gari la jirani lililopita unaweza kuliondoa, kwa maana kesho havitakuwepo. Ufa wa ukutani, nguzo ya umeme iliyo mbele ya dirisha na doa la unyevu kwenye dari usiviguse kabisa, hata dalali mwenyewe akikuomba.

Mwisho, andikianeni. Karatasi moja inatosha, iseme picha ni ngapi, zitafika lini, nani anaruhusiwa kuzitumia na kwa muda gani. Katika nchi nyingi hakimiliki hubaki kwa mpiga picha isipokuwa pawe na makubaliano tofauti, na madalali wengi hawalijui hilo. Nyumba inapohamia kwa dalali mwingine, picha huhama nayo, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Mwanga_Sebuleni aliandika:

Dada, nakushukuru sana. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kuchelewa kwangu kwa siku nne ndiko kulikonifungia mlango.

Ninaleta mrejesho. Jumamosi nilifanya kazi kwenye sebule yetu wenyewe, kwa lenzi ile ile ya milimita 18 hadi 55, kwa kuwa hiyo nyingine bado sijaipata. Nilizima taa, nikafungua mapazia, nikaweka tripodi kwenye kizingiti cha mlango kwa urefu wa sentimita 125, nikalinganisha fremu ya dirisha na ukingo wa picha kama Fundi_Timazi alivyoelekeza. Ilinichukua dakika kumi na mbili kwa picha ya kwanza. Nilipiga tatu kwa AEB na kuziunganisha kwa programu ya darktable, nikijizuia nisivute vivuli kupita kiasi. Dirisha sasa linaonyesha mti ulio nje, majani yake yanahesabika, na ukuta mweupe ni mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho. Chumba bado hakiingii chote, lakini nilipokivuta kiti kimoja kikatoka mbele ya kamera na kulisogeza kochi kwa sentimita thelathini, sakafu ikaonekana, na picha ikapata nafasi ambayo sikujua ilikuwepo. Mama alipoiona aliniuliza ni nyumba ya nani.

Kimebaki kitu kimoja kinachonishinda. Bafu letu ni dogo na lina kioo kikubwa juu ya sinki, kinachotazama mlango moja kwa moja. Kila nilikosimama, mimi na tripodi tulikuwa ndani ya kioo. Nifanyeje?

Nuru_na_Kivuli alijibu:

Hongera, hiyo ni kazi. Kwa bafu, usisimame mkabala na kioo. Sogeza kamera mpaka kwenye ukingo wa fremu ya mlango, iguse kabisa ikibidi, ili kioo kikuonyeshe ukuta wa upande wa pili badala yako. Kama bado kamera inaonekana, ishushe mpaka iwe chini kidogo ya ukingo wa chini wa kioo, ikiwa timazi vile vile. Hapo haitaakisiwa tena, na kioo kitaonyesha ukuta wa nyuma na dari tu. Wewe mwenyewe weka kipima muda cha sekunde 10 utoke nje, kisha urudishe mlango nyuma yako bila kuufunga kabisa.

Na kama hayo yote yameshindikana, piga picha ya wima inayoonyesha sinki, nusu ya kioo na vigae vilivyo chini yake. Dada_Dalali atakubaliana nami kwamba hakuna anayehitaji kuona pembe zote nne za bafu la mita mbili. Anataka kuona kwamba ni safi, kwamba bomba halina kutu, na kwamba kuna dirisha. Kabla ya kubonyeza, futa kioo kwa kitambaa kikavu, maana matone ya maji yaliyokauka hayaonekani kwa macho ukiwa umesimama mlangoni, lakini kwenye f/8 yataonekana yote.